Kicheko Kisichofungua Mlango

Ndugu msomaji, mwezi wa nne huu mimi na ndugu yangu wa Kibondo hatuongei. Ni mtoto wa mama yangu mdogo, tumekulia sahani moja ya ugali wa muhogo na maharage ya mawese, na kutoka kwetu Kasulu hadi kwake ni safari ya asubuhi moja tu: unapita Makere, unapita Busunzu, umefika. Lakini siendi, naye haji. Hatukugombania shamba wala msichana. Tumegombania gemu mbili za kompyuta.

Najua wapo watakaofunua ukurasa hapa hapa na kusema huyu kijana amekosa la kuandika. Nawaomba wasubiri kidogo. Ubishi wenyewe ni wa kicheko: kinaingiaje katika hadithi, na kinafanya kazi gani kikishaingia. Hilo linatuhusu sisi sote tunaoshika kalamu na kuota kwamba siku moja tutatoa riwaya. Na mimi limenigharimu riwaya yenyewe, kama utakavyoona.

Gemu ninazozisema ni Portal, iliyotoka Oktoba 2007, na ya pili yake, Portal 2, iliyotoka Aprili 2011. Zote ni za kampuni ya Valve ya Marekani. Ni za zamani, sikatai. Lakini huku kwetu kitu hakipitwi na wakati, kinachelewa kufika tu. Ya kwanza niliicheza Kasulu, katika kibanda cha jamaa mmoja anayeweka nyimbo kwenye memori kadi na kuchapa barua za kuomba kazi. Kompyuta yake ni kikongwe, gemu za siku hizi inazikohoa, ila hii iliibeba. Ya pili niliicheza Kibondo, kwenye laptopu ya ndugu yangu huyo, usiku, tumejifunika blanketi moja kwa ile baridi ya kwetu ya milimani.

Tulipomaliza akaniambia: "Kaka, hii ya pili ni bora mara mia. Ile ya kwanza ni mtihani, hii ni raha. Nimecheka mpaka mbavu." Kijiwe kizima cha pale kwake kikamwunga mkono. Mimi nikasema hapana. Nasema hapana mpaka leo, na leo nasema kwa maandishi.

Nianze na asiyezijua. Katika gemu ya kwanza unaamka ndani ya chumba cha vioo kisicho na mlango. Utakumbuka kitendawili cha utotoni: nyumba yangu haina mlango. Jibu lake ni yai, na kila mtoto anajua kwamba kifaranga hutoka kwa kulitoboa. Basi gemu nzima ni hiyo. Wewe ni mwanamke, Chell, ambaye tangu mwanzo hadi mwisho hasemi neno. Baadaye unapata chombo kama bunduki, lakini hakitoi risasi, kinatoboa kuta. Tundu moja la buluu, jingine la rangi ya chungwa. Ukiingia hili unatokea lile, hata kama moja liko sakafuni na jingine juu darini. Na kasi uliyoingia nayo ndiyo utakayotoka nayo. Ukijirusha kutoka juu ukaingia tundu la sakafuni, lile la ukutani litakutema kama jiwe la manati. Hakuna anayekueleza hayo kwa hotuba. Chumba cha kwanza kinakufundisha jambo moja, cha pili kinaongeza jingine, na chombo chenyewe hupewi kizima mara moja: kwanza unapewa nguvu ya tundu la buluu peke yake, vyumba vingi baadaye unapewa na la pili. Ukifika chumba cha 19 unafanya mambo ambayo chumba cha kwanza ungeyaita uchawi, na hujui ni lini ulijifunza.

Juu ya yote hayo kuna sauti. Ni sauti ya mashine iitwayo GLaDOS, inayoendesha jumba lote la Aperture Science, na aliyeitia uhai ni mwimbaji wa opera, Ellen McLain. Sauti hiyo inakusifu, inakuongoza, inakupa moyo. Inakuambia ukimaliza mitihani yote utapewa keki.

Hebu tusimame kwenye hiyo keki, maana hapo ndipo mimi niliposhikwa.

Mimi ni mtu wa Kidato cha Nne. Niliketi kwenye dawati miaka minne chini ya sauti iliyoniambia kwamba nikimaliza mitihani yote, mbele kuna keki. Nilipofika kwenye tanuri niliambiwa Divisheni Four. Simlaumu mtu hapa, nasema yaliyonikuta. Sasa fikiri mimi, nimekaa kwenye kiti cha plastiki katika kile kibanda, nje mama anauza dagaa, ndani mashine inaniahidi keki kwa sauti ya upole. Nilicheka. Nilicheka kwa nguvu mpaka mwenye kibanda akageuka. Halafu nikaingia chumba kilichofuata, nikapita upenyo wa ukuta uliobomoka, nikakuta maandishi ya mtu aliyetangulia kupita humo. Alikuwa anatuonya sisi tutakaokuja nyuma kwamba keki ile ni uongo. Kile kicheko kikanigeukia tumboni.

Hiyo ndiyo hoja yangu, ndugu msomaji, na nisingependa ipotee katika maelezo. Watu wanasema gemu ya kwanza ni ngumu na ya pili inachekesha. Si kweli. Zote zinachekesha. Tofauti ni kwamba katika ya kwanza kicheko ni sehemu ya fumbo. Ukicheka vizuri, umeshaanza kutegua. Kila mzaha wa ile sauti ni ushahidi dhidi yake. Kuna chumba ambacho inakuambia kabisa kwamba hakiwezekani, bora uache. Ukishakiweza inakusifu eti kwa kuvumilia ukatishwaji tamaa, kana kwamba ulikuwa mpango wake tangu awali. Unacheka, na papo hapo umejua jambo: huyu anayenisifu ndiye anayenidanganya. Kuanzia hapo unaanza kutazama kuta kwa jicho jingine. Kicheko kimekufungulia mlango.

Au chukua lile sanduku la chumba cha 17. Ni sanduku tu la kukanyagia vitufe, ila limechorwa moyo ubavuni. Sauti inakuambia sanduku haliwezi kusema, na likisema usifuate ushauri wake. Unacheka. Unalibeba chumba kizima, linakukinga, unalikanyaga kufikia juu. Mwisho unaambiwa ulitupe kwenye moto, la sivyo mlango haufunguki. Unalitupa. Kisha sauti inakuambia umemuua mwenzio haraka kuliko wote waliokutangulia. Bwana wee! Hilo nalo ni kichekesho, lakini ni kichekesho cha namna gani hicho kinachokufanya ushindwe kumtazama mwenye kibanda usoni? Na tazama ustadi wa fumbo: umefundishwa hapo kwamba vitu huchomwa motoni. Mwisho wa gemu, unapopambana na GLaDOS mwenyewe, ni kwa moto huo huo unavichoma viungo vyake kimoja kimoja. Mzaha wa chumba cha 17 ulikuwa somo la vita ya mwisho, na wewe ulidhani unataniwa tu.

Na waliofanya hayo ni akina nani? Hili liwaingie hasa vijana wanaosema hatuna vifaa, hatuna mitaji. Mbegu ya gemu ile ilikuwa kazi ya wanafunzi wa chuo cha DigiPen katika jimbo la Washington. Waliiita Narbacular Drop, ikatoka 2005. Valve wakaiona, wakawaajiri, Kim Swift akiwa kiongozi wao, wakaongezewa waandishi Erik Wolpaw na Chet Faliszek. Timu ilikuwa ndogo. Hawakuwa na nguvu ya kutengeneza umati wa watu wanaotembea na kuzungumza. Wakabaki na mwanamke bubu, sauti moja ya kipaza sauti, na kuta. Kutokana na uhaba huo wakatoa kitu cha saa tatu au nne ambacho mwaka 2008 waundaji wa gemu wenzao walikipa tuzo ya gemu bora ya mwaka. Uhaba uliwalazimisha kila kitu kifanye kazi mbili. Sauti ilikuwa mwalimu na adui. Mzaha ulikuwa raha na ushahidi. Hapakuwa na nafasi ya kitu cha kupamba.

Sasa twende Kibondo.

Gemu ya pili inakufungulia na jicho la chuma liitwalo Wheatley, linalotembea kwenye reli juu ya kichwa chako na kusema, kusema, kusema. Aliyempa sauti ni mchekeshaji Mwingereza Stephen Merchant, na sikatai, anajua kazi yake. Baadaye anakuja mwasisi wa kampuni, Cave Johnson, ambaye ameshakufa lakini sauti yake imerekodiwa, kwa kinywa cha J. K. Simmons. Huyo naye ni moto. Yaani ukikaa unasikiliza tu, utacheka. Na hilo ndilo tatizo: unakaa, unasikiliza tu.

Nilimwonyesha ndugu yangu jambo hili pale pale. Nikamwambia hebu tazama, mara ngapi tumesimama mlangoni kungoja jamaa amalize vichekesho ndipo tuendelee? Anamaliza, tunaingia chumbani, tunategua fumbo kimya, tunatoka, tunasimama tena, anachekesha tena. Fumbo huku, kicheko kule, kama wapangaji wawili wasiosalimiana katika nyumba moja. Ukimnyamazisha Wheatley, mafumbo mengi yanabaki yale yale. Lakini ukimnyamazisha GLaDOS wa gemu ya kwanza, gemu imekufa.

Na mafumbo yenyewe yamelegea. Matundu hayashiki kila ukuta, yanashika kuta nyeupe tu, na katika ya pili kuna sehemu kubwa, hasa kule chini katika magofu ya zamani ya kampuni, ambapo unasimama gizani unatafuta kipande cheupe kilipo. Ukikiona, umemaliza. Huko si kutegua, huko ni kutafuta sindano iliyopakwa chokaa.

Bibi yetu sote wawili, mimi na huyo ndugu yangu, alikuwa akitega vitendawili usiku tukiwa tumezunguka moto. "Kitendawili!" "Tega!" Alikuwa akishatega ananyamaza. Uso wake haukusema kitu. Ungejibu upuuzi, angekutazama tu. Ukishindwa kabisa ndipo akuombe mji, nawe umpe: nakupa Kigoma. Naye angekwenda huko Kigoma kwa maneno, ale migebuka kwa raha zake, ndipo arudi na jibu. Mji ulikuwa faini yako. Kicheko kilikuja mwisho, na kilikuwa kikubwa kwa sababu kilikuwa kimezuiliwa. Gemu ya kwanza ni bibi. Gemu ya pili ni yule mjomba anayetega kitendawili huku anacheka mwenyewe, anakukonyeza, anakunong'oneza jibu, kisha anakupa mji yeye badala ya kuudai.

Najua majibu yao. Nimeyasikia kijiweni usiku kucha.

Kwanza wanasema ya pili ina mambo mengi zaidi. Kweli. Ina madaraja ya mwanga unayoyatembelea, ina rangi ya buluu inayokurusha na ya chungwa inayokutelezesha, ina urefu zaidi ya mara mbili. Lakini tangu lini wingi wa vyungu ukawa utamu wa mchuzi?

Pili wanasema ina sehemu ya watu wawili. Hapa nakubali mikono juu. Tuliicheza sehemu hiyo sisi wawili, skrini imegawanywa, mimi nikiwa roboti mmoja, yeye roboti wa pili. Roboti hao hawasemi, wanapungiana mikono tu. Nakumbuka nilikuwa hewani nimeshaliona tundu langu la kutokea, yeye kwa pupa akalihamisha, nikaenda kujipigiza ukutani. Tulicheka mpaka mama mdogo akagonga ukuta. Lakini angalia kicheko hicho kilitoka wapi! Hakikuandikwa na mtu. Kilitoka ndani ya fumbo, kwa kosa letu wenyewe, kwa matundu yetu wenyewe. Hoja hiyo wameileta wao, lakini ni yangu.

Tatu, na hii ndiyo hoja nzito, ndugu yangu alisema: "Kaka, watu wamechoka. Huku kwetu kila mtu ana shida zake. Mpe mtu acheke." Nilikaa kimya muda mrefu kwa hoja hiyo. Wilaya zetu hizi mbili zimewahi kuwa na makambi, Nyarugusu upande wa Kasulu na Nduta upande wa Kibondo. Tumekua tukiona watu waliokimbia Burundi na Kongo wakipanga foleni, wakisubiri sauti ya kipaza sauti iseme lini na wapi. Nani atawanyima watu kicheko? Mimi siwanyimi. Mzee Majuto alichekesha nchi nzima mpaka alipofariki mwaka 2018, na nani alimwona kuwa mtu mwepesi? Ninachouliza ni kicheko kinamfanya nini yule anayetushikia kipaza sauti.

Maana tazama wanachomfanyia GLaDOS katika gemu ya pili. Mashine ile iliyotuahidi keki huku imewasha tanuri, wanaigeuza kiazi. Sisemi kwa mafumbo, ni kiazi kweli: ubongo wake unachomekwa kwenye kiazi chenye nyaya, ndege anakuja kukidonoa, kisha unakichoma kwenye ncha ya bunduki yako na kutembea nacho kikikupigia soga. Tunaelezwa kwamba ndani yake kuna alama ya mwanamke aliyeitwa Caroline, katibu wa yule Cave Johnson. Tunamwonea huruma. Mizaha yake nayo imeshuka bei: anamtania Chell eti mnene, anamtania eti hana wazazi. Hii ndiyo mizaha ya mkorofi wa bwenini, si ya mashine inayoficha mauaji. Mwisho anamfungulia mlango aende zake. Yaani yule tuliyemtoroka kwa akili zetu, sasa ndiye anayetuachia kwa hisani yake. Na sisi tunapiga makofi!

Mtu akishamgeuza dhalimu kuwa kiazi, dhalimu hapungui. Kinachopungua ni woga wetu, na ule woga ndio uliokuwa unatufanya tutazame kuta.

Katika gemu ya kwanza, baada ya mapambano yote, wanakuonyesha kitu ambacho wengi wanakipita haraka. Unashushwa chini kabisa ya jumba, gizani, na pale kuna keki. Keki kweli, ina mshumaa unaowaka. Kisha mshumaa unazimwa. Kwa hiyo yule mwandishi wa ukutani alikosea kidogo, maskini. Keki ilikuwepo. Haikuwa yetu tu. Nilipoiona nilikaa pale kibandani mpaka mwenyewe akasema anafunga. Niambieni, vichekesho vyote vya Wheatley vinafika hapo?

Sasa niwe mkweli hata pale ukweli unaponiumiza. Gemu ya pili ina mzaha mmoja ulionishinda. Kule magofuni Cave Johnson anajigamba kwamba alinunua mawe ya mwezini, akayasaga, akatengeneza rangi nyeupe inayoshika matundu kuliko kitu chochote, na sumu ya vumbi hilo imemletea maradhi. Unacheka kwa upumbavu wa tajiri huyo. Unapaka rangi yake kwenye kuta, unaendelea na safari, unasahau. Saa nyingi baadaye, mwisho kabisa, umelala chini umeshindwa, paa linabomoka, na juu angani unauona mwezi. Hakuna anayekuambia kitu. Mkono wako wenyewe unainuka. Unaupiga mwezi tundu.

Pale nilipiga kelele, sifichi. Ndugu yangu akasema, "Umeona sasa?" Nikamwambia nimeona, lakini nimeona ninachokiona mimi. Kati ya mizaha mia ya gemu ile, huu ndio atakaoukumbuka kila mtu hadi uzeeni. Kwa nini? Kwa sababu ulikuwa umebeba ufunguo mfukoni. Waandishi walewale, mikono ileile. Walijua kabisa jinsi inavyofanywa. Mara hii moja wakafanya, kwingine wakatuzuga.

Hapo ndipo tulipogombana, kwa sababu hatukuwa tena tunazungumzia gemu.

Mimi na yeye tulikuwa tunaandika pamoja. Mimi naandika kwa mkono kwenye kaunta buku, yeye anachapa. Hadithi yetu ya kwanza ilikuwa ya kijana mmoja anayekwenda ofisini kufuatilia karatasi yake, na bwana mmoja nyuma ya dirisha anamwambia kila siku, kwa adabu sana, "Njoo kesho, mdogo wangu." Anamwuliza habari za mama. Anakumbuka hata jina la mbuzi wao. Na karatasi haitoki. Daftari lile lilizunguka Kasulu nzima, likarudi limetoka jalada. Watu walicheka pale kwenye mbuzi. Wakasema, andikeni ya pili.

Tukaandika ya pili. Ndugu yangu akasema watu walipenda pale kwenye mbuzi, basi tuweke mbuzi wengi. Nikakubali, sifa zilikuwa zimenilewesha. Tukampa yule bwana wa dirishani kitambi, suruali ikamwanguka mbele ya mkuu wake, akatumbukia mtaroni, akang'atwa na bata. Watu walicheka mara kumi ya mwanzo. Nilitembea mjini kifua mbele.

Sokoni kuna dada mmoja anauza mawese. Alisoma zote mbili, mchana, akisubiri wateja. Aliporudisha la pili nikamwuliza, vipi dada, umecheka? Akasema, "Nimecheka. Lakini huyu wa pili simwogopi. Wa kwanza nilimwogopa, maana yule namjua."

Nililala na maneno hayo juma zima. Dada yule hajaona gemu yoyote. Alisema kwa pumzi moja yale ninayohangaika nayo hapa kurasa zote hizi. Yule bwana wa kwanza alichekesha kwa sababu alikuwa anakumbuka jina la mbuzi, na kukumbuka jina la mbuzi ndiyo ilikuwa silaha yake: ndiyo iliyomfanya yule kijana arudi kesho, na kesho kutwa. Mzaha ulikuwa ndani ya dhuluma yenyewe. Yule wa pili ni kitambi na bata. Msomaji anamcheka, anafunga daftari, kesho anakwenda dirishani kwa yule wa kweli na hamtambui.

Basi nawaambia wenzangu, hasa ninyi mnaotuma hadithi zenu kwenye kurasa kama hizi. Ukimwona mhusika wako anachekesha, jiulize: nikiufuta mzaha huu, kuna mlango utakaobaki umefungwa? Kama upo, uache, huo ni mzaha wa keki, ni mzaha wa mwezi. Kama haupo, na msomaji anapita salama bila huo, basi ni Wheatley amesimama mlangoni anapiga porojo, na wewe unamchelewesha mgeni wako nje kwenye baridi. Ben Mtobwa, mtoto wa mkoa wetu huu wa Kigoma, alimtumia Joram Kiango wake katika riwaya nyingi, na vijana wa wakati wake walizisoma mpaka karatasi zikachanika. Sidhani walikuwa wanatafuta suruali inayoanguka.

Mtasema nimewaambia wengine, je, mimi mwenyewe? Haki yenu. Riwaya yetu imefika sura ya saba. Sura tano za kwanza ziko dirishani, na yule bwana anamwuliza kijana habari za mama. Sura ya sita na ya saba ni bata. Nimeandika sita mpya. Ya saba bado inanishinda, kwa sababu kijana wangu inabidi atoke chumba kisicho na mlango, na sitaki yule bwana amfungulie.

Kaunta buku lenyewe liko Kibondo, chini ya godoro la ndugu yangu, kama si juu ya kabati la mama mdogo. Ndugu yangu, najua gazeti hili unalisoma. Nalitaka lirudi. Lipakie kwenye gari la asubuhi, nitalipokea stendi. Au lilete mwenyewe, uje na laptopu, tucheze tena ile ya watu wawili. Safari hii tundu langu usilihamishe.